Waya Kwanza, Mtambo Baadaye: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Redio ya Ridhaa ya Kujiundia

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi redio ya ridhaa, yaani ile inayoendeshwa na mtu binafsi mwenye leseni, bila mshahara na bila biashara, kama vile bondia wa ridhaa anavyopanda ulingoni bila kulipwa. Barua zilizofuata karibu zote ziliuliza juu ya mtambo: transista gani, wati ngapi, bei gani. Ni chache mno zilizouliza juu ya waya unaotundikwa nje ya nyumba, ilhali waya huo ndio unaoamua kama utasikika au hutasikika. Nimechagua barua sita, nami nitazijibu kwa kadiri uzito wa kila moja unavyodai.

*Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 24, natengeneza simu na redio hapa Morogoro mjini. Nataka kuunda kwa mikono yangu mtambo wa redio ya ridhaa, kwa kuwa bei ya ile ya dukani inanizidi kimo. Nianze na kipi, na je, wati chache zinatosha kuongea na watu wa mbali? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kabla ya pasi ya kulehemu kupata moto, ulizia leseni. Kwa Tanzania inayohusika ni TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Anayepewa leseni hupewa pia alama ya mwito, ambayo kwenu Tanzania huanza na 5H na kwa Wakenya huanza na 5Z, na alama hiyo ndiyo jina lake hewani popote duniani. Wazee wengi wa fani bado wanaamini kwamba mtu hawezi kuruhusiwa kutuma katika masafa mafupi bila kufaulu mtihani wa Morse, yaani ile lugha ya milio mifupi na mirefu, lakini sharti hilo la kimataifa liliondolewa katika mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2003, na tangu hapo kila nchi hujiamulia. Uliza pia utaratibu unaohusu mitambo ya kujiundia, na uombe jibu la maandishi.

Sasa kazi yenyewe. Anza na antena, kisha kipokezi, na transmita, yaani chombo cha kutuma mawimbi, iwe ya mwisho. Najua utaratibu huu unawakera vijana, kwa sababu kila mmoja hutamani kusikika kabla ya kusikia. Hata hivyo, hesabu ni hii: ukitoka wati 5 ukaenda wati 100, yaani mara ishirini, yule anayekusikiliza ataona sindano ya kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio yake ikipanda alama mbili na ushee tu. Antena mbovu, au kebo iliyoingia maji, inaweza kukupotezea alama hizo hizo mbili bila wewe kujua, na fedha uliyotumia kununua wati mia moja ikawa imekwenda kupasha joto kebo. Kwa hiyo wati 5 zinatosha, mradi waya wako uwe na urefu sahihi na uwe mahali pa wazi.

Kwa mtu wa Morogoro ningependekeza masafa ya megahezi 7.0 hadi 7.2, ambayo ndiyo kipande kiitwacho mita 40, kwa urefu wa wimbi lake, kilichotengewa redio ya ridhaa katika kanda yetu ya Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati. Simu za upepo za mkononi zinazotumia megahezi 144 hukwama nyuma ya Milima ya Uluguru, kwa kuwa mawimbi hayo husafiri karibu kama mwanga na hayapendi kuzunguka mlima. Mawimbi ya megahezi 7 yana tabia nyingine. Ukitundika antena chini kiasi, mita 6 au 8 juu ya ardhi, sehemu kubwa ya nguvu hupaa karibu wima, ikagonga tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, kisha ikarudi chini kama maji ya bomba la bustani linaloelekezwa juu. Mchana utamsikia mtu wa Dodoma, wa Tanga na wa Iringa, na mlima haukuhusu. Usiku umbali hurefuka, na hapo watu wa karibu hufifia huku wa mbali wakiibuka.

Kipokezi cha kwanza kiwe kile rahisi kinachobadilisha mawimbi moja kwa moja kuwa sauti. Ndani yake mna kizalisha mawimbi kidogo kinachotetema karibu sawa kabisa na kituo unachokitafuta. Mitetemo hiyo miwili ikichanganywa, tofauti yake huwa ni mlio unaosikika, na kipaza sauti kidogo, chipu iitwayo LM386, huupeleka kwenye vifaa vya masikioni. Lehemu vipande vyako juu ya bamba la shaba: bamba zima ndilo liwe upande hasi, na pale unapohitaji kiungo kisichogusana nalo, gundisha juu yake kipande kidogo cha bamba la aina hiyohiyo, ukubwa wa ukucha, kisha ulehemu juu ya kipande hicho. Huhitaji tindikali ya kuchonga sakiti, na kosa hurekebishwa kwa dakika moja. Kipokezi cha namna hii kina uadui mkubwa na adapta za umeme wa ukutani, kwani hutoa mvumo mzito unaofunika kila kitu. Kiwashe kwa betri ya volti 12, nawe utashangaa.

Ukishasikiliza kwa miezi michache na leseni ikiwa mkononi, ndipo uende kwenye mtambo wa kutuma na kupokea sauti. Hapo nitakuelekeza India, kwa fundi aitwaye Ashhar Farhan wa Hyderabad, aliyebuni mtambo unaoitwa BITX20 wa megahezi 14 na nguvu ya wati 6 hivi. Kilichonivutia si wati zake bali ni ujanja wa vipuri. Kichujio chake kilitumia kristali (vipuri vinavyotetema kwa masafa yasiyoyumba) za megahezi 10, zile za bei ya chini zinazopatikana katika vifaa vya kompyuta, na koili zake zilizungushiwa washa za kawaida za bomba la maji. Mtu aliyetazama kilichopo dukani kwao kwanza, kisha akachora sakiti, alifika mbali kuliko anayechora kwanza halafu akalilaumu duka. Nawe katika karakana yako ya redio za zamani una transista na kapasita, za kawaida na za kuzungusha, nyingi kuliko unavyodhani.

*Fundi, salaam. Nimetundika antena ya dipoli, yaani waya wenye mikono miwili unaounganishwa na kebo katikati, kwa ajili ya megahezi 7.1 juu ya nyumba ya ghorofa moja hapa Mombasa, nikitumia waya wa kawaida wa nyumba wa milimita 1.5. Kila upande una mita 10.3. Kifaa cha kupimia nilichoazima kinaonyesha SWR ya 1.3 kwenye megahezi 6.85, lakini kwenye 7.1 inapanda hadi karibu 3. Zaidi ya hayo, nikitamka jambo huku mdomo umegusa maikrofoni nahisi kama nimechomwa sindano. Je, nibadilishe redio? — Msomaji, Mombasa*

Redio haina kosa, ndugu yangu. Barua yako imeniburudisha kwa sababu umeleta vipimo, na mgonjwa anayekuja na vipimo hutibiwa upesi.

Tuanze na namba. SWR ni uwiano unaoeleza ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye redio badala ya kutoka hewani. 1 ndiyo bora kabisa, 1.5 haina ubaya wowote, na ikipita 2 redio nyingi za kisasa huanza kujipunguzia nguvu ili zisiungue. Antena yako inafanya kazi vizuri, ila imekaa kwenye masafa ambayo si yako. Urefu na masafa huenda kinyume: waya mrefu, masafa ya chini, waya mfupi, masafa ya juu. Kanuni ya kuanzia ni kugawa 143 kwa megahezi unazotaka, upate urefu wote kwa mita, kwa 7.1 ni mita 20.1. Wewe una mita 20.6, na tena waya wako una ganda la plastiki, ambalo huufanya uonekane mrefu zaidi kwa asilimia chache. Chukua urefu ulionao, zidisha kwa masafa uliyopima, gawa kwa masafa unayotaka: 20.6 mara 6.85, gawanya kwa 7.1, jibu ni mita 19.87. Maana yake ni kwamba waya umezidi kwa sentimita 73, yaani sentimita 36 kila upande.

Hata hivyo, weka mkasi chini. Kunja ncha kila upande sentimita 30, urudishe waya juu yake wenyewe na kuufunga kwa utepe, kisha pima tena, kwa sababu ukikunja namna hiyo sehemu iliyorudi haihesabiki sana. Endelea kukunja kidogo kidogo hadi SWR ya chini kabisa ifike 7.1, na hapo tu ndipo ukate ukipenda. Nimeona waya mwingi mzuri ukiishia jalalani kwa sababu mwenyewe alikata kwa hamaki asubuhi na jioni akawa anatafuta kiungo cha kuurefusha.

Msomaji asiye na kifaa kama chako, bali ana mita ya SWR ya kawaida iliyokaa kati ya redio na kebo, atume kwa nguvu ndogo kwenye 7.010, kisha kwenye 7.190, na alinganishe. SWR ikiwa ndogo upande wa 7.010, waya ni mrefu. Ikiwa ndogo upande wa 7.190, waya ni mfupi. Zikilingana, basi amefika katikati. Kutuma nje ya kipande cha 7.0 hadi 7.2 ili kupima tu, hapana, hata kwa sekunde moja.

Sasa ile sindano ya mdomoni. Dipoli ina mikono miwili inayolingana, lakini kebo unayoiunganisha haina ulinganifu: ina waya wa katikati na wavu wa nje. Mkondo ukifika kwenye kiungo hupata njia ya tatu, yaani uso wa nje wa wavu, ukashuka nao hadi chumbani, hadi kwenye kasha la redio, hadi kwenye maikrofoni, hadi mdomoni pako. Uzibe njia hiyo kwa koili. Chukua bomba la plastiki la inchi nne, uzungushie mita 6 hivi za kebo yenyewe, mizunguko 18 au karibu na hapo, kila mzunguko ukikaa kando ya mwenziwe bila kupandana, na uiweke koili hiyo pale pale juu, kwenye kiungo cha dipoli. Nguvu iliyo ndani ya kebo haitasikia chochote, ilhali mkondo wa nje utakutana na ukuta. Usishangae vipimo vyako vikibadilika kidogo baada ya hapo, kwa sababu awali kebo nayo ilikuwa sehemu ya antena. Kwa hiyo funga koili kwanza, ndipo ukunje ncha.

Jambo la mwisho kwa mtu wa pwani ni chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili hubeba chumvi, nayo hula shaba iliyo wazi hadi ikawa kijani, na wavu wa kebo hunyonya maji kama utambi wa koroboi. Lehemu viungo, vifunike kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, kisha upake juu yake silikoni isiyonuka siki, kwani ile yenye harufu ya siki hula shaba. Acha kebo ining'inie kwa kitanzi kabla ya kuingia dirishani ili maji yadondoke hapo. Ikiwa paa lako ni la mabati, inua dipoli mita kadhaa juu yake, la sivyo bati litaivuta antena na hesabu zote nilizokupa zitayumba.

Kuna msomaji wa Nakuru aliyeuliza kama kebo ya dishi la televisheni inafaa. Inafaa. Kebo hiyo ni ya omu 75, omu ikiwa kipimo cha upinzani wa umeme, na dipoli iliyo mahali pa wazi ina takriban omu 73, kwa hiyo zinaelewana. Upande wa redio yenye omu 50 utaona SWR ya 1.5 hivi, na hilo ni jambo la kawaida. Tatizo lake ni kwamba wavu wa nyingi ya kebo hizo ni wa alumini, na alumini haikubali lehemu, hivyo tumia viunganishi vya kubana.

*Hujambo Fundi. Nilinunua furushi la vipuri la mtambo mdogo uitwao Pixie, wa megahezi 7.023, nikaulehemu mwenyewe na ukawaka mara ya kwanza. Mchana nasikia milio ya Morse vizuri. Usiku ukiingia, stesheni za utangazaji zinajaa zote kwa pamoja hadi sisikii kitu kingine. Nimekosea wapi? — Msomaji, Eldoret*

Sijambo. Hujakosea popote. Pixie ni mtambo wa ajabu wenye vipuri vichache kuliko vidole vya watu wawili au watatu, na uchache huo una gharama yake. Transista ile ile inayotuma ndiyo inayopokea, nayo huchanganya kila kinachoingia bila kuchagua. Juu kidogo ya kipande chetu, kuanzia megahezi 7.2 hadi 7.45, kuna stesheni za utangazaji zenye nguvu ya kilowati mia na zaidi, na usiku mawimbi yao hutufikia kwa wingi. Transista yako huzigeuza kuwa sauti moja kwa moja, hata usipozitafuta. Kichujio cha kawaida hakitakusaidia, kwa sababu 7.2 na 7.023 ni majirani wa ukuta mmoja. Ningekushauri uiache Pixie iwe transmita, uunde kipokezi cha pembeni chenye kichanganyaji cha diode (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) mbili au nne zilizolinganishwa, ambacho hulikataa tatizo hilo kwa maumbile yake, na uweke swichi ya kuhamisha antena kati ya viwili hivyo.

Lakini kabla hujatuma sana, tazama tundu la kutokea mawimbi. Transista inayofanya kazi kwa kukatwa na kuwashwa haitoi 7.023 peke yake; hutoa pia maradufu yake, 14.046, na mara tatu yake, 21.069, na hayo ni masafa ya watu wengine. Koili moja iliyomo kwenye furushi ni pazia jepesi. Ongeza kichujio kamili cha koili tatu na kapasita nne. Kwa mita 40 mpangilio unaojulikana na mafundi wengi ni huu: kapasita za pembeni pikofaradi 270, za katikati mbili pikofaradi 680 kila moja, na koili zinazozungushiwa pete za unga wa chuma za aina ya T37-6, ambazo huwa na rangi ya njano, mizunguko 21, 24 na 21. Usidanganyike na pete nyekundu za T37-2, kwani zina nguvu tofauti na hesabu ya mizunguko hubadilika. Na katika kuhesabu, kila waya unapopita ndani ya tundu la pete ni mzunguko mmoja, hata ule wa kwanza kabisa ambao macho huuona kama mstari ulionyooka tu. Kosa la mzunguko mmoja hapa ndilo kosa linalonijia mezani mara nyingi kuliko lingine lolote, na mimi mwenyewe nililifanya kwa muda mrefu kabla ya fundi mwenzangu kunishika mkono na kuhesabu nami kwa sauti.

*Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Mwanza. Wanafunzi wangu wameunda kipokezi na wanasubiri leseni ya klabu ya shule. Tunatumia umeme wa sola. Naomba ushauri juu ya mambo mawili: radi, kwa kuwa hapa hupiga sana, na kelele kama ya nyuki inayofunika redio kila jua linapowaka. — Mwalimu, Mwanza*

Mwalimu, nakupongeza wewe na wanafunzi wako. Kanda ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi duniani, na dhoruba za ziwani hupenda kuja usiku, wakati hakuna mtu shuleni. Kwa hiyo kanuni yenu isiwe "tukiona mawingu tuchomoe", bali iwe "tukimaliza tuchomoe". Kebo ya antena iishie nje ya ukuta, kwenye sanduku dogo, ambamo kuna kiunganishi cha kuingia ndani na kingine kilichofungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, ile ambayo mafundi umeme huiita ethi. Kipindi kikiisha, mwanafunzi wa zamu ahamishe kebo kutoka kiunganishi cha ndani kwenda cha ardhini. Nondo hiyo iungwe kwa waya mnene na ethi ya jengo, kwa sababu nondo mbili zisizoungana zinaweza, radi ikipiga jirani, kutofautiana kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo itapita katikati ya meza yenu. Hakuna kifaa cha kujiundia kinachozuia radi iliyoamua kupiga waya wenyewe. Radi ikianza kusikika, hata kwa mbali, hakuna anayegusa kebo, hata kwa nia ya kuichomoa.

Kwenye kutundika nguzo pia nisisitize: antena isipite juu wala chini ya nyaya za umeme, na nguzo isimamishwe umbali mkubwa kuliko urefu wake kutoka nyaya hizo, ili hata ikianguka isizifikie.

Ile sauti ya nyuki inatoka kwenye kontrola ya sola, ambayo hukata na kuwasha mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Lithibitishe hilo pamoja na wanafunzi, kwani ni somo zuri: chukueni redio ndogo ya mkononi yenye masafa mafupi, tafuteni mahali pasipo na stesheni, mtembee nayo kuanzia kwenye paneli hadi kwenye kontrola hadi kwenye taa za LED, mkiandika panapozidi kelele. Kisha tengeni betri moja kwa ajili ya redio peke yake, ichajiwe mchana na kuchomolewa kabisa kwenye kontrola wakati wa kutumia. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 inatosha. Mtambo wa wati 5 hula takriban ampea 1.2 unapotuma na 0.2 unapopokea, mkituma robo ya muda, wastani ni ampea 0.45, na mkiamua kutumia nusu tu ya betri ili isife mapema, mna zaidi ya saa saba. Wekeni fyuzi ya ampea 3 karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si karibu na redio, kwa sababu waya ukigusana katikati ya safari, fyuzi iliyo mwisho wa safari haina msaada.

Kama hamwezi kuchomoa kontrola, sokoteni nyaya mbili za paneli pamoja kama kamba ya katani, na mzipitishe mara kadhaa ndani ya pete za feraiti, ambazo mtazikuta kama vifundo vyeusi kwenye kebo za skrini kuukuu za kompyuta. Kelele itapungua, ingawa haitakwisha.

*Fundi, nimeona mchoro wa transmita ya FM ya transista moja. Nikiiunda na kuiongezea nguvu, naweza kurusha kaswida na matangazo ya kijiji chetu kwenye 108? — Msomaji, Lindi*

Hapana, ndugu yangu. Redio ya ridhaa hairuhusu kutangazia umma, iwe kaswida au bei ya korosho, na masafa ya 88 hadi 108 ni ya stesheni zenye leseni ya utangazaji. Aidha, kuanzia hapo hapo kwenye 108 ndipo yanapoanza masafa ya ndege, hadi 137, na transmita ya transista moja hutangatanga: mkono ukisogea, joto likipanda, betri ikishuka, nayo huhama. Rubani anayetafuta mwelekeo wa kiwanja hapaswi kukutana na kaswida yako. Kwa matangazo ya kijiji tumieni kipaza sauti, au fuateni njia ya leseni ya redio ya jamii.

*Assalamu alaykum. Mimi ni Mzanzibari ninayeishi Maskati katika nyumba ya kupanga, ghorofa ya tano. Leseni ninayo, lakini mwenye nyumba hataki waya juu ya paa. Nina roshani ya mita tatu tu. Kuna njia? — Msomaji, Maskati*

Wa alaykum salaam. Ipo, na ni kazi nzuri ya mikono. Unda antena ya kitanzi kwa megahezi 14. Pinda bomba la shaba la milimita 22, lile la mafundi wa viyoyozi au wa maji, liwe duara la kipenyo cha mita moja, lakini usiliunganishe juu. Acha pengo, na hapo ufunge kapasita ya kuzungusha inayofika pikofaradi 50 katikati ya mzunguko wake. Chini, ndani ya duara hilo, weka kitanzi kidogo cha waya mnene chenye kipenyo cha sentimita 20, ambacho ndicho kinachounganishwa na kebo. Vitanzi viwili havigusani. Nguvu hupita kati yao kwa sumaku.

Ubora wa antena hii unategemea viungo. Upinzani wake wa kutoa mawimbi ni sehemu ndogo sana ya omu moja, kwa hiyo kiungo kilichobanwa kwa skrubu tu kinaweza kula nguvu kuliko inayotoka hewani. Lehemu kila panapowezekana. Kapasita iwe ya hewa, yenye bamba zilizoachana, kama zile za redio za kale za valvu. Zile ndogo za plastiki za redio za mfukoni hupasuka ndani, kwani hata kwa wati 5 kwenye pengo lile kuna mamia ya volti. Izungushe kwa kijiti kirefu cha mbao au cha plastiki, kamwe si kwa vidole, na ukae mita moja au zaidi kutoka kwenye duara unapotuma.

Antena ya namna hii husikiliza kipande chembamba sana cha masafa, kiasi kwamba ukihama kilohezi 20 au 30 lazima uizungushe upya. Anza kwa kusikiliza: zungusha taratibu hadi kelele ya hewani iruke ghafla, hapo uko karibu, kisha tuma kwa nguvu ndogo kabisa ukimalizia kwa kutazama SWR. SWR ikikataa kushuka chini ya 2, usiguse kapasita. Badilisha umbo la kitanzi kidogo, ukikibana kiwe kama yai, au ukisogeze sentimita moja au mbili kutoka kwenye bomba.